Siku Pikapu Ilipokunywa Mbangara ya Posa

Mimi ndiye yule mtu wa Voi ambaye watu wa Rukanga husema alikunywa pombe ya posa yake mwenyewe njiani, na aibu hiyo nimeibeba tangu nikiwa kijana wa ndevu chache hadi leo, ambapo ndevu zenyewe zimekuwa nyeupe na kuanza kupungua tena. Sikuinywa. Iliyoinywa ni pikapu. Naona, Wakesho, umeanza kutabasamu kabla kalamu yako haijagusa karatasi. Tabasamu hilo liweke kando, andika nisemavyo, usiniongezee wala usinipunguzie, kwa maana kaka zako wamekuwa wakiisimulia habari hii kwenye matanga na harusi kwa namna waipendayo wao, na mwaka jana nilimsikia mmoja akisema kwamba babu alikutwa amelala chini ya gari akiimba. Sikulala chini ya gari, na siku ile hapakuwa na mtu aliyekuwa na hamu ya kuimba.

Nisingependa kuifukua habari hii, lakini umenunua gari, na umeniambia kwamba mwezi wa pili, wakati jua letu linapokuwa kali kuliko miezi yote, utawaleta rafiki zako kutoka Nairobi waje kuuona mlima wa Kasigau. Nilikuuliza umebeba nini garini cha kukufaa katika safari ya joto, ukanijibu kwamba una waya wa kuchajia simu na miwani ya jua. Nilikuambia ulete karatasi.

Katika miaka ile ya hamsini barabara ya kwenda Mombasa ilikuwa udongo mwekundu, na gari liliweza kuonekana kwa vumbi lake muda mrefu kabla ya kusikika. Nilikuwa dereva wa Bwana Salim, mwenye duka pale Voi, mtu wa pwani aliyesema Kiswahili kilichonyooka na aliyeipenda pikapu yake kuliko watu wengine wanavyowapenda ng'ombe wao. Namsifu hadi leo, ingawa ametangulia mbele ya haki, kwa kuwa sijapata kumwona mtu mwingine aliyelitendea gari kwa adabu kama yeye. Kila alfajiri aliizunguka pikapu ile na kikombe chake cha kahawa mkononi, akiminya mipira ya rejeta kwa vidole ili ajue kama imekakamaa au imeanza kupasuka, akiuinamia mkanda wa feni na kuutazama pembezoni, akipima upepo wa matairi wakati mpira ungali baridi, kwa maana alisema upepo wa tairi hufura kwa joto kama donge la mandazi, na mjinga anayeupunguza saa sita mchana kwa kuuona umezidi ndiye huyo huyo atakayekutwa jioni kando ya njia, tairi limepasuka, akilaumu barabara. Hakuniruhusu kusimamisha gari juu ya nyasi kavu, kwa sababu bomba la moshi linawasha moto bila kuomba kiberiti. Hakuniruhusu kumwacha mtoto wa mtu ndani ya gari juani, hata kwa muda wa kuingia dukani na kutoka. Nyuma, kwenye sanduku la pikapu, palikuwa na kona mbili zenye vyuma vya kufungia kamba, na katika kona moja palisimama daima debe la maji. Mbele, kwenye bampa, ulining'inia mfuko wa turubai wenye maji ya kunywa, ambayo upepo wa safari uliyapoza vizuri kuliko mtungi. Debe lilikuwa la gari, mfuko ulikuwa wa watu, na ole wake aliyechanganya.

"Gari halina ulimi, kijana wangu," aliniambia siku ya kwanza aliponikabidhi ufunguo. "Likiona kiu haliombi, linaungua."

Nilikuwa nikipeleka chumvi, sukari na mafuta ya taa hadi Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na huko ndiko nilikomwona Mkawasi, binti wa Mzee Mghanga. (Ndiyo, ndiye bibi yako, usinitazame hivyo, endelea kuandika.) Maneno yake ya kwanza kwangu hayakuwa ya mapenzi. Alinisimamisha katikati ya njia, akanionyesha nguo alizokuwa amezianika juu ya vichaka, zote zimekuwa nyekundu kwa vumbi la gari langu, akaniuliza kama kwetu Voi hakuna mtu anayefua. Tangu siku ile nilipofika karibu na kwao nilikwenda polepole kama mtu anayebeba mayai, na baada ya miezi mingi ya kwenda polepole nilimwomba baba yangu mkubwa, Mwadime, aende kunisemea, kwa kuwa baba yangu mzazi alikuwa amekwisha kufa.

Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo lazima uelewe jambo moja, ama sivyo hutaelewa lolote. Kwetu sisi Wadawida, watu wa Taita, posa haikwenda kwa maneno matupu. Ilikwenda na mbangara, pombe yetu ya miwa, iliyopikwa nyumbani kwa mwenye kuposa, ikafungwa mdomo kwa majani ya mgomba, ikabebwa na wazee wake hadi kwa kina msichana, na majani yale hayakufunguliwa na mtu mwingine isipokuwa baba wa msichana mwenyewe. Chombo kikifika kimejaa, watu wameheshimiwa. Kikifika kimepungua, basi ilisemwa kwamba wageni wamemnywa msichana njiani, na watu wa namna hiyo hawakupewa kiti, wala hawakurudi kuomba mara ya pili katika nyumba hiyo.

Bwana Salim alikubali kuniazima pikapu Jumapili moja ya kiangazi. Sikumwambia nitabeba nini, kwa kuwa yeye alikuwa Mwislamu mshika dini, naye kwa upole wake hakuuliza. Alichosema ni kwamba nitoke mapema, kabla jua halijapata nguvu. Nami nilikusudia kutoka mapema, lakini baba mkubwa Mwadime alikuwa mtu wa kujipamba. Alinyoa, akachana ndevu, akabadili koti, akalirudia koti la kwanza, akaitafuta kofia yake ya manyoya, na tulipokuwa tayari jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya miti. Hapo ndipo mama yangu alipotokea mlangoni na debe la pili la mbangara. Alisema la kwanza ni la baba wa msichana, na hili la pili ni la wajomba wa msichana, na mtu anayewasahau wajomba huoa nusu ya mke.

Nikatazama nyuma ya pikapu. Katika kona moja palikuwa na debe la mbangara, limefungwa. Katika kona nyingine palikuwa na debe la maji, nalo limefungwa. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wamekaa katikati juu ya vigoda, magoti yamegusana. Debe lisilofungwa kwenye barabara ile lingemwagika kabla hatujavuka njia ya reli. Nilisimama pale, nikafikiri kwa muda mfupi sana, nikalifungua debe la maji, nikaliweka chini ya ukuta wa nyumba, na mahali pake nikafunga debe la wajomba. Nilijiambia kwamba Maungu, kituo kilicho mbele kwenye njia yetu, pana tangi la maji la reli. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, mdogo kiasi hicho, na yote yaliyofuata yalikuwa watoto na wajukuu wake.

Tulipofika Maungu tangi lilikuwepo, na maji yalikuwemo, lakini mbele ya bomba palikuwa na akina mama wengi na vyombo vyao, na mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe na koti la kuazima. Nilipunguza mwendo. Nilijiona nimepanga mstari nyuma ya akina mama, mtu anayekwenda kuposa, nikiwa nimeshika chombo. Nikaongeza mwendo tena. Baba mkubwa aliniuliza kama gari halihitaji kitu, nikamwambia kwamba gari liko sawa (na wakati ule, kwa haki yake, lilikuwa sawa, nitailinda heshima ya pikapu ile hadi kaburini, kwa sababu ilifanya kazi kwa uaminifu kuliko dereva wake).

Baada ya kuiacha barabara kuu na kushika ile ya Kasigau, mambo yalianza kugeuka. Njia ilikuwa mchanga laini, nami nililazimika kwenda kwa gia nzito na injini ikinguruma, na ubaya zaidi ni kwamba upepo ulikuwa unatufuata kwa nyuma, ukienda mwendo mmoja nasi, kwa hiyo hapakuwa na hewa iliyoingia kwenye rejeta hata kidogo. Wazee wale wawili wa nyuma walikuwa wamelala. Mimi nilikuwa nimeyatayarisha maneno nitakayojibu nikiulizwa kuhusu ukoo wetu, nikayarudia moyoni, na kwa kuyarudia sikuitazama saa ya kupimia joto la injini hadi baba mkubwa aliponigusa bega na kuniuliza kama ni kawaida ya gari hili kuvuta tumbako. Mvuke ulikuwa unatoka chini ya boneti.

Nilisimama kwenye kivuli cha mgunga, nikazima injini, nikangoja kama nilivyofundishwa. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka kwa joto, ufa wa urefu wa kidole, na maji yote yalikuwa yamekwenda na vumbi. Ufa ule niliufunga kwa kipande cha bitana ya koti la kuazima na kamba ya katani, kwa kuwa katika nchi yetu katani haikosekani, na nilijivunia kazi ile. Kisha nikaenda mbele kuchukua mfuko wa turubai. Ulikuwa mwepesi kama ganda. Wazee walikuwa wamekunywa pale tulipopumzika mara ya kwanza, jambo ambalo ni haki yao, na maji yaliyobaki baba mkubwa alikuwa ameyatumia kupangusa vumbi kwenye kofia yake.

Tulitazamana. Barabara ile haikuwa na gari jingine. Kama ungeliona gari huko, ndilo hilo letu. Mbele kidogo palikuwa na kinyesi kibichi cha ndovu, na matawi yaliyovunjwa ambayo majani yake yalikuwa hayajaanza kunyauka. Kurudi Maungu kwa miguu kwenye jua lile hakukuwa jambo la kuwaambia wazee, na kukaa pale hadi ndovu warudi kula hakukuwa jambo la kumwambia mtu yeyote.

Nikasema, "Baba mkubwa, gari haliwezi kwenda bila maji."

Aligeuka kuyatazama madebe. Kisha akauliza, "Na kwa pombe?"

Nilimwambia sijui. Akaenda nyuma, akalitazama debe la kwanza, akaligusa jani la mgomba kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa. Mzee mmoja alimkumbusha kwamba jani lile si lake kulifungua. Akajibu kwamba analijua hilo tangu kabla ya mzee huyo kuota meno. Mzee yule akauliza watawaambia nini kina msichana.

"Tutawaambia ukweli," akasema baba mkubwa.

"Mwadime, ukweli huu utaaminiwa na nani?"

Baba mkubwa alilifungua jani kwa mkono wake mwenyewe, ili isisemwe kwamba ni mimi niliyelifungua, na tendo hilo nimelikumbuka kila mara niliposikia mtu akimsema vibaya kwa ajili ya kofia zake. Tulipokuwa tumeiacha injini ipoe kiasi cha kuweza kuishika, niliiwasha, nikamimina mbangara kidogo kidogo kwenye rejeta, kwa kuwa ukimimina kitu baridi kwa pupa kwenye chuma chenye moto, chuma hupasuka. Ikaingia. Nikafunga kifuniko. Pikapu ikanguruma, ikakohoa kidogo, ikaondoka.

Sitaki kusema uongo: kwa muda mfupi tulifurahi. Lakini pombe ya miwa si maji. Inachemka upesi, inatoa povu, na kamba yangu ya katani haikuwa mpira mpya. Kila tulipokwenda kidogo tulisimama, tukangoja, tukamimina tena, na mvuke wa pombe moto ulitupiga usoni, ukaingia kwenye nguo, kwenye ndevu zilizochanwa, kwenye ile kofia ya manyoya. Debe la baba wa msichana likaisha. Tukafungua la wajomba. Tulipoviona vibanda vya Rukanga chini ya mlima, katika debe la pili palikuwa pamebaki kiasi cha kulowesha kiganja, na sisi wote wanne tulikuwa tunanuka kama watu waliokesha kilabuni.

Akina mama walitupokea kwa vigelegele. Vilianza vikali, vikapungua, na aliyekuwa mbele kabisa alikata chake katikati, kwa sababu ndiye aliyetangulia kutukaribia na harufu ikamfikia. Wanaume wa pale walikuwa wamekaa kwenye vigoda wakingoja, na katikati yao Mzee Mghanga, baba wa Mkawasi, mtu mrefu mwenye maneno machache, ambaye usiku alilinda shamba lake dhidi ya ndovu akiwa na kijinga cha moto na debe la kupiga kelele, na inasemwa kwamba ndovu walimheshimu. Aliinuka, akaja hadi nyuma ya pikapu. Akatia mkono katika debe la kwanza, akautoa mkavu. Akatia katika debe la pili, akautoa ukiwa umelowa vidoleni tu. Akautazama mkono wake.

"Mwadime," akasema kwa sauti ya chini, "binti yangu mmemnywa njiani?"

Baba mkubwa alisimulia yote, kuanzia mpira hadi ndovu, kwa maneno yaliyopangika na bila kunitaja kwa kosa lolote. Alisema, "tulisahau maji," na hakusema ni nani aliyesahau. Nilitamani ardhi inimeze kwa wema ule. Lakini alipofika mahali pa kusema kwamba pombe imenywewa na gari, kaka mmoja wa Mkawasi, kijana mwenye mdomo, aliuliza kwa adabu kubwa kama basi gari hilo pia limeletwa kuposa, na kama limetoka ukoo gani. Watu wakacheka. Hata mmoja wa wazee wetu alicheka, kisha akajikumbuka.

Mzee Mghanga hakucheka. Aligeuka, akaanza kuuelekea mlango wa nyumba yake. Nami nilijua, na kila mtu pale alijua, kwamba akivuka kizingiti kile kabla hajatupa kiti, habari ya Mkawasi na mimi imekwisha, haitazungumzwa tena.

Hapo ndipo nilipokimbia kwenye boneti. Nilitaka aone. Nilitaka aione mbangara kwa macho yake ndani ya chuma, nami nikasahau kila nilichofundishwa na Bwana Salim, ambaye alikuwa amenikumbusha maneno yale mara nyingi kuliko sala: kwamba kifuniko cha rejeta hakiguswi mpaka kiganja kiweze kutulia juu ya chuma bila kuruka, na hata hapo kinafunikwa kwa kitambaa kizito, kinazungushwa kidogo tu mvuke utoke, na uso unageuzwa pembeni. Sikungoja. Sikushika kitambaa. Nilimwita, "Mzee, tazama," nikakizungusha kifuniko kwa mkono mtupu.

Mbangara iliruka juu kuliko paa la nyumba. Ilitoka kwa mlio kama wa gari moshi, povu la kahawia, ikapanda, ikatawanyika, ikaanza kushuka juu ya wazee wa Rukanga waliokaa kwenye vigoda, juu ya akina mama, juu ya kofia ya baba mkubwa, na juu ya mgongo wa koti la Mzee Mghanga, ambaye alisimama hatua chache kabla ya mlango. Mungu alituhurumia, kwa maana walikuwa mbali na ilipowafikia ilikuwa imepoa na kuwa manyunyu. Aliyeungua ni mimi peke yangu, mkono huu wa kulia. Ngozi hii iliyokunjamana ambayo ulipokuwa mdogo ulizoea kuigusa na kuniuliza kama ni ya mamba, ilitoka siku hiyo.

Nilisimama na mkono wangu hewani, povu likinidondoka kutoka kidevuni, nikiwa nimewamwagia pombe wakwe ambao walikuwa hawajawa wakwe.

Msichana anayeposwa hakutakiwa kuonekana mbele ya wazee hadi aitwe. Mkawasi alitoka bila kuitwa. Alikuwa na kibuyu cha maji, na maji ya Rukanga wakati wa kiangazi yaliteremshwa kutoka chemchemi ya mlimani mgongoni mwa mwanamke, kwa hiyo usidhani lilikuwa jambo dogo. Aliushika mkono wangu, akayamimina yote juu yake polepole, hadi kibuyu kikaisha, na wala hakunitazama usoni. Kisha akageuka kwa baba yake.

"Baba, onja kinachodondoka kwenye hicho chuma. Kama si mbangara, mimi mwenyewe nitawafukuza."

Nimeishi miaka mingi, nimewaona watu hodari wa namna mbalimbali, lakini ujasiri kama ule sijauona tena, mtu kusimama mbele ya ukoo wake wote akiwa na kibuyu kitupu na kumwambia Mzee Mghanga la kufanya.

Mzee alirudi. Aliomba kata. Sasa sikiliza, Wakesho, kwa kuwa hili nalo limeanza kusahauliwa. Kwetu, mtu mwenye hasira moyoni hakuruhusiwa kukaa nayo, kwa sababu hasira iliyokaa huleta ugonjwa na kufunga mvua. Aliichukua pombe au maji ya miwa, akajaza kinywa, akapuliza nje kwa manyunyu, huku akisema kwamba hasira yake itoke na iondoke. Tendo hilo tuliliita kutasa, na hakuna mtu aliyeweza kulifanya kwa niaba ya mwingine. Mwenye hasira alitasa mwenyewe, au hasira ilibaki.

Mzee Mghanga aliiweka kata chini ya rejeta, mahali palipokuwa pakidondoka. Kilichoingia kilikuwa cheusi, kimechemka mara nyingi, kina kutu na harufu ya mpira. Baba mkubwa alishtuka, akamwomba atumie ile kidogo iliyobaki kwenye debe, ambayo angalau ilikuwa safi.

"Ile ya kwenye debe haijanikosea," akasema Mzee Mghanga. "Nataka hii iliyonikasirisha."

Akangoja ipoe. Akajaza kinywa. Niliuona uso wake ukikunjamana kwa ule uchungu, lakini hakutema. Alisimama wima, akapuliza manyunyu chini mbele ya miguu yetu, akapuliza tena juu ya boneti, na mara ya mwisho juu ya kifua changu, akasema kwamba kama moyo wake umewashikia watoto hawa neno, neno hilo litoke na pombe hii, lipoe kama inavyopoa, watoto wasafiri salama, na mvua inyeshe. Wazee wa pande zote mbili wakaitikia. Kisha akaomba maji, akasukutua kwa muda mrefu sana, akampa baba mkubwa kiti.

"Mbangara ni kweli," akasema alipokwisha kukaa. "Ila mwambie shemeji yako, mama wa kijana huyu, asiiache jikoni muda mrefu hivyo."

Hapo watu walicheka kicheko kingine, na ndani yake nasi tulikuwamo.

Hakunipa binti siku ile; yeye hakuwa mtu wa kupindisha desturi. Alituambia turudi na mbangara nyingine mvua zikianza, na isipande pikapu. Tukaipeleka baada ya mvua ya kwanza, tukaishusha kutoka gari moshi kwenye kituo cha Maungu, na kutoka hapo tukaibeba wenyewe kwa miguu hadi Rukanga, baba mkubwa akiwa wa kwanza na debe begani, kofia ameiacha nyumbani. Majani ya mgomba yakafika yamefungwa.

Ilibaki kumkabili Bwana Salim. Niliirudisha pikapu ikiwa na maji ya mlimani kwenye rejeta na harufu ya kilabu kila mahali, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, mkono umefungwa kitambaa. Alisikiliza hadi mwisho. Aliniamuru niioshe rejeta ile kwa maji safi, niimwage, niioshe tena, hadi yeye mwenyewe asisikie harufu, na hakuingia ndani ya gari lake hadi aliporidhika. Alikwenda msikitini kwa miguu siku nyingi. Hakunifukuza kazi. Alinunua mpira mpya wa rejeta, akaniwekea mkononi, mkono wa kushoto, akaniambia kwamba mtu aliyeungua mara moja ndiye dereva wa kuaminiwa. Nilimtumikia hadi alipofunga duka.

Tangu siku ile sijawahi kuendesha gari kwenye jua bila debe la maji lililofungwa mahali pake, wala sijaona aibu kupanga mstari bombani nyuma ya akina mama, wala sijafungua kifuniko cha rejeta kwa haraka, hata pale nilipokuwa nimechelewa mazishini. Watu walinicheka kwa kuminya mipira kila alfajiri, nami niliwaacha wacheke. Na bibi yako, kwa miaka yote tuliyoishi pamoja, nilipowasha gari asubuhi alitoka jikoni akiwa amekausha mikono kwenye leso, akasimama mbele ya boneti ili nisiweze kuondoka. Hakuniuliza niendako, wala nitarudi lini. Aliuliza, "Limekunywa nini leo?" na hakusogea hadi nijibu.

Huko Nairobi hayupo mtu wa kukusimamia mbele ya boneti. Basi weka kalamu chini, Wakesho, toka nje ukalifungue gari lako sasa hivi, likiwa bado limepoa, kisha rudi hapa uniambie limekunywa nini.